Mkokoteni, Trela na Dafu: Kurudia Nguvu na Mwendo Port Reitz

Alfajiri, kabla trela hazijaziba njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Mombasa, mchuuzi wa maji anauondoa mkokoteni wake kando ya lami. Amepakia mitungi kumi ya lita 20. Maji peke yake ni kilo 200, na mkokoteni wenyewe, pamoja na magurudumu yake yaliyotolewa kwenye gari kuukuu, tuukadirie kilo 50. Anainama, anakaza mapaja, na kwa muda hakuna kinachosogea. Mvulana wa sare ya shule anapita na begi mgongoni.

"Ami, nikusukumie?"

"Shika hapo nyuma, mwanangu. Ukishaanza kwenda, niachie."

Ukishaanza kwenda, niachie. Mzee hajawahi kufungua kitabu cha fizikia, lakini ameshayatamka mambo ambayo vitabu huyapa sura nzima. Kuuondoa mkokoteni kunataka nguvu kubwa, ila kuuendeleza kwa mwendo uleule kunataka ndogo. Yule mvulana akifika darasani ataelezwa habari hiyohiyo kwa Kiingereza, ataikariri, na wiki mbili baadaye swali lake litamshinda. Si kwamba hajui. Mikono yake inajua. Hajaambiwa tu kwamba anachokijua ndicho anachoulizwa.

Kwa mtahiniwa wa KCSE, mada hizi si za kupuuza. Karatasi ya kwanza ya fizikia, ile ya namba 232/1, ni ya saa mbili na alama 80: alama 25 kwa maswali mafupi ya sehemu ya A, na 55 kwa maswali marefu ya sehemu ya B. Nguvu na mwendo huchukua nafasi kubwa humo. Shida ni kwamba silabasi imezitawanya mada zenyewe kwa miaka minne. Nguvu na shinikizo huja kidato cha kwanza, momenti na sheria ya Hooke cha pili, mwendo mnyoofu na sheria za Newton cha tatu, mwendo wa duara na kuelea cha nne. Anayerudia kitabu baada ya kitabu hukutana na ndugu wa tumbo moja katika nyumba nne tofauti na asiwatambue. Afadhali avikusanye vipande vyote mezani, aanze na nguvu, aende kwa Newton, kisha mwendo, na mengine yafuate.

Kabla ya fomula yoyote, kuna neno la kusafisha.

Mswahili ana neno moja, nguvu, na amelibebesha mizigo mingi. Hamali ana nguvu, umeme una nguvu, dawa ina nguvu, hata mbunge ana nguvu. Fizikia inalichambua neno hilo mara tatu. Kuna kule kusukuma au kuvuta, ambako kamusi za sayansi hukuita kani, sisi hapa tutaendelea kukuita nguvu, na ambako kipimo chake ni niutoni. Kuna nishati, ile akiba inayowezesha kazi kufanyika, inayopimwa kwa jouli. Na kuna kasi ya kuifanya kazi hiyo, inayopimwa kwa wati. Makuli wawili wakipandisha gunia moja kwenye lori lilelile, mmoja kwa sekunde tano na mwenzake kwa kumi, wamefanya kazi sawa juu ya gunia lile. Wametofautiana kwa wati, wa kwanza akiwa na mara mbili ya mwenzake. Mwanafunzi asiyezitenganisha habari hizi tatu kwa Kiswahili hatazitenganisha kwa Kiingereza chini ya saa ya ukutani.

Uzito nao una mtego wake. Dukani mfuko wa saruji "una uzito wa kilo 50", na hakuna muuzaji atakayegombana na mtu kwa hilo. Msahihishaji atagombana. Kilo 50 ni tungamo, yaani wingi wa kile kilichomo mfukoni. Uzito ni jinsi dunia inavyouvuta mfuko huo, na kwa kuwa mtihani kwa kawaida hukubali mvuto wa niutoni 10 kwa kila kilo, uzito wake ni niutoni 500. Ukipelekwa mwezini, saruji ni ileile kilo 50, lakini uzito umeshuka hadi niutoni 80 hivi.

Sasa mishale. Ikiwa kuna zoezi moja la kurudiwa kila siku, ni kuchora kitu kimoja peke yake na mishale ya nguvu zote zinazokigusa au kukivuta. Kila mshale uulizwe maswali mawili: nani anasukuma, na nani anasukumwa? Mshale usio na msukumaji ufutwe. Jaribio zuri ni mpira uliopigwa juu kwenye uwanja wa mtaani, ukiwa bado unapaa. Wanafunzi wengi huchora mshale wa kwenda juu na kuuita nguvu ya teke. Lakini mguu uko wapi? Umebaki chini. Mpira ulioachana na kiatu unavutwa na dunia kuelekea chini na kuzuiwa kidogo na hewa, basi. Unaendelea kupaa kwa sababu tayari ulikuwa na mwendo, na mvuto unaupunguza mwendo huo kidogokidogo mpaka uishe.

Kosa hilo si la kumwonea mtu haya. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na fikra hiyo ikatawala kwa karne nyingi mpaka akina Galileo walipoanza kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa. Newton aliziandika sheria zake tatu katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Kilichokuwa kimewafumba macho watu muda wote huo ni msuguano. Haujionyeshi, hauna sauti kubwa, na uko kila mahali.

Mkokoteni wa mzee wetu unautoa hadharani. Tuseme msuguano wote, wa ekseli na wa matairi yasiyo na upepo wa kutosha, ni niutoni 100. Mzee na mvulana wakisukuma kwa niutoni 150, zinazobaki ni 50. Niutoni 50 kugawa kwa kilo 250 ni mchapuko, yaani ongezeko la mwendo kila sekunde, wa mita 0.2 kwa sekunde kwa sekunde, na baada ya sekunde tano mkokoteni unakwenda mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Hapo mvulana anaachia. Mzee anabaki na niutoni 100, sawasawa na msuguano, na mkokoteni unaendelea na mita yake moja kwa sekunde bila kuongeza wala kupunguza. Nguvu za mbele na za nyuma zimefutana, jumla ni sifuri, na bado unakwenda. Mwanafunzi atakayekaa na sentensi hiyo mpaka isimshangaze tena ameimaliza sheria ya kwanza, na ya pili ameishika mkono.

Sheria ya tatu ndiyo inayosumbua. Kila mtu anaweza kuitamka, lakini akiulizwa swali hili ananyamaza: ikiwa mkokoteni unamsukuma mzee kwa nguvu ileile anayousukuma, kwa nini usikae palepale? Jibu limo kwenye mishale. Nguvu hizo mbili ni sawa, lakini haziko kwenye kitu kimoja. Moja inaushika mkokoteni, nyingine inamshika mzee. Anayetaka kujua kama mkokoteni utakwenda ahesabu zilizo juu ya mkokoteni tu. Na mzee naye harudi nyuma kwa sababu miguu yake inaisukuma ardhi kwa nyuma, na ardhi inamsukuma yeye kwa mbele. Mwage mafuta chini ya kandambili zake uone kama atautoa mkokoteni hapo.

Wavuvi wa hori ya Port Reitz wana picha iliyo wazi kuliko hiyo. Maji yakiwa madogo, mtu huusukuma mtumbwi kwa upondo: anauchoma mti kwenye tope, anausukuma kwa nyuma, na tope linamrudishia msukumo kwa mbele. Akifika pwani akaruka bila kuufunga mtumbwi, yeye anakwenda nchi kavu na mtumbwi unakwenda zake majini. Watoto wa Mikindani na Chaani wanaliona hilo kabla hawajajua kusoma.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyorusha roketi kutoka pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimamishwa baharini kaskazini ya Malindi lilirusha setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi haisukumi hewa wala bahari. Inatupa gesi yake chini kwa kishindo, na gesi hiyo inaisukuma roketi juu, ndiyo maana inaendelea kuongeza mwendo hata mahali pasipo na hewa. Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde. Roketi inaanza safari ikiwa imeshapewa lifti.

Kwenye mwendo, vita vya kwanza ni vya vipimo. Barabara inasema kilomita kwa saa, fomula inataka mita kwa sekunde, na anayesahau kugawa kwa 3.6 anapoteza swali zima huku kazi yake nyingine ikiwa safi kabisa. Namba mbili zikae kichwani: 36 ni 10, na 72 ni 20.

Vita vya pili ni vya wastani. Reli ya SGR, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, ina kilomita kama 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Treni ya abiria ya moja kwa moja huchukua muda wa saa tano hivi, kwa hiyo wastani wake ni kilomita 94 kwa saa. Abiria anayetazama kioo cha behewa anaona 118, 119. Hakuna anayesema uongo. Wastani umezimeza dakika za kuondoka, za kupunguza na za kusimama, na swali la mtihani linapotaja wastani linataka umbali wote kugawa kwa muda wote, basi.

Halafu grafu. Hapa alama hupotea kwa sababu ya haraka tu, kwa kutosoma mhimili. Mstari uliolala kwenye grafu ya umbali na muda maana yake gari limesimama. Mstari huohuo kwenye grafu ya kasi na muda maana yake gari linakwenda bila kubadili mwendo. Tuichukue matatu inayotoka stendi moja ya Magongo kwenda inayofuata. Inatoka sifuri hadi mita 12 kwa sekunde kwa sekunde 6, inashikilia mwendo huo kwa sekunde 20, kisha kondakta anagonga bodi na dereva anasimama kwa sekunde 4. Chini ya grafu hiyo kuna pembetatu, mstatili na pembetatu nyingine: 36, 240 na 24. Jumla mita 300. Mteremko wa mwanzo ni mchapuko wa 2, wa mwisho ni hasi 3, na hasi hiyo ndiyo inayowapeleka abiria waliosimama kwenye mabega ya walio mbele. Hawakusukumwa mbele na kitu chochote. Wao walikuwa wanaendelea na mwendo wao, ni gari lililowasimamia.

Kontena juu ya trela liko hivyohivyo. Linashikwa na vifungio vya pembe nne, na visipofungwa, trela likikata kona kontena linataka kwenda moja kwa moja. Ndiyo maana dereva mwenye akili havuki raundabauti ya Changamwe bila kuvikagua.

Na breki za trela hilo zinastahili ukurasa mzima kwenye daftari. Tuseme linakwenda kilomita 36 kwa saa na dereva anachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga. Katika sekunde hiyo limeshakula mita 10. Breki zikilipunguza kwa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, kasi mraba kugawa kwa mara mbili ya mchapuko ni 100 kwa 10, mita 10 nyingine. Jumla 20. Sasa mwendo uwe 72. Kushtuka kunakula mita 20, lakini breki zinataka 400 kugawa kwa 10, yaani mita 40. Jumla 60. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa breki umeongezeka mara nne. Sheria inayozuia magari ya mizigo na ya abiria yasizidi kilomita 80 kwa saa imeegemea mraba huo, na mwanafunzi anayevuka barabara kila siku ana sababu kubwa ya kuuelewa kuliko ya kufaulu mtihani.

Bandarini Kipevu, kreni ndiye mwalimu. Kontena lililojaa lenye tani 30 likining'inia bila kusogea, kamba zinabeba niutoni 300,000. Likipandishwa kwa mwendo usiobadilika, zinabeba hizohizo 300,000, na hapo wengi huandika namba kubwa zaidi wakidhani kupanda peke yake kunaongeza mzigo. Kinachoongeza ni mchapuko. Likianza kupandishwa kwa mchapuko wa nusu mita kwa sekunde kwa sekunde, kamba zinabeba 315,000. Swali la lifti ya ghorofani linalopendwa na watunzi wa mitihani ni hilihili lililovaa nguo nyingine.

Momenta na msukumo wa ghafla, waachiwe wakwezi. Mnazi wa mita 20 ukidondosha dafu la kilo mbili, dafu hilo linafika chini baada ya sekunde mbili likiwa na mita 20 kwa sekunde, mwendo uleule wa trela letu la kilomita 72. Momenta yake, yaani tungamo mara mwendo, ni 40. Likiangukia mchanga na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wastani wa nguvu ya kulisimamisha ni niutoni 400. Likiangukia saruji na kusimama kwa sekunde 0.005, ni niutoni 8,000, na maji yake yamekwenda. Momenta iliyopotea ni ileile. Muda ndio uliobadilika. Mkwezi anayeshusha madafu kwa kamba anarefusha muda, kama mkanda wa gari unavyofanya kwa kifua cha abiria.

Kitovu cha uzito hupitiwa haraka madarasani, na pengine si vizuri, hasa upande huu wa Mombasa. Mtongwe iko ng'ambo ya maji kutoka hapa. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilichokuwa kimebeba watu kupita uwezo wake kilipinduka na watu 272 wakafa. Chombo hukaa imara kitovu chake cha uzito kikiwa chini na mzigo ukiwa umesawazishwa. Watu wakijazana, na wakisimama au kukimbilia upande mmoja, kitovu kinahama nao.

Namna ya kurudia haya yote ni jambo ambalo wanafunzi hulifanya kinyume. Wengi huketi na karatasi za miaka iliyopita wakisoma swali, kisha mwongozo wa majibu, kisha swali lingine, na kuondoka wakihisi wamesoma. Wamesoma majibu ya mtu mwingine. Swali moja lililotolewa jasho kwa dakika kumi na tano, mwongozo ukiwa umefunikwa, linashinda maswali kumi ya namna hiyo. Likishindikana, liingizwe kwenye daftari la makosa pamoja na sababu yake: sikubadili vipimo, nilisahau msuguano, nilisoma mhimili vibaya. Baada ya mwezi daftari hilo litaonyesha kwamba makosa ya mtu ni matatu au manne tu yanayojirudia, na hayo ndiyo ya kufukuza.

Kusoma kwa kundi kunafaa iwapo kila mmoja anaeleza. Mmoja aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kimvita cha nyumbani akipenda, mpaka mwenzake akubali; kisha wote waandike jibu lilelile kwa maneno ya Kiingereza ya kitabu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopewa alama. Kuna walimu wanaokemea Kiswahili kwenye darasa la fizikia. Wana hoja kuhusu mtihani, lakini si kuhusu kuelewa.

Na vipimo vifanywe mtaani. Hatua zihesabiwe kati ya nguzo mbili za stima, bodaboda ipimwe kwa saa ya simu huku mpimaji amesimama mbali na lami, kasi itafutwe na kubadilishwa iwe kilomita kwa saa. Aliyefanya hivyo mara tatu hataogopa ukanda wa karatasi wenye nukta hamsini kwa sekunde atakapouona kwenye mtihani, maana atakuwa anajua kwamba nukta zikiachana, kitu kinaongeza mwendo, na muda kati ya moja na nyingine ni sekunde 0.02.

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na baada yake mitaala na namba za karatasi zitabadilika. Mkokoteni hautabadilika.

Swali la kuanzia jioni ya leo liko juu ya vichwa vya wakazi wa Port Reitz mara kadhaa kwa siku. Ndege ya tani 60 inagusa lami ya uwanja wa Moi International kwa mita 70 kwa sekunde na kupunguza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Mchoro wa mishale uje kwanza, halafu umbali wa kusimama na nguvu inayoisimamisha. Nguvu ni niutoni 120,000. Umbali ni mita 1,225, zaidi kidogo ya theluthi ya njia hiyo ya kurukia yenye mita 3,350.